Kutoka -nge- hadi "would": shajara ya kijitabu cha masharti, Kirumba

5 Januari 2026

Nimefungua daftari jipya kwa kazi moja tu: kuandika kijitabu cha kurasa kumi na sita hivi, kwa Kiswahili, kinachoeleza namna ya kuchagua njeo, yaani nyakati, za vitenzi katika sentensi za Kiingereza zenye "if". Sarufi nyingine zote zitasubiri. Hapa ni masharti peke yake.

Kilichonisukuma kilitokea juzi jioni. Darasa letu la watu kumi na wanne hukutana Kirumba, hapa Mwanza, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la nyavu, karibu na soko la samaki la Mwaloni kiasi kwamba upepo ukigeuka tunafundishana huku tukinusa dagaa. Kuna wavuvi wanne, vijana wawili wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, dada wa mapokezi hotelini, kaka anayeongoza watalii kisiwani Saanane, dereva wa bodaboda, akina mama watatu wa biashara ya samaki, fundi injini na mpwa wake. Mmoja wa wavuvi, kijana mwenye bidii kweli, alisimama akasema bila kutazama popote: "If I would have money, I would buy a boat." Wenzake wakampigia makofi.

Mimi nilibaki nimeshika chaki. Sentensi ile ina kosa moja, ile "would" inayofuata "if", na kosa hilo nimelisahihisha miaka yote niliyofundisha. Kila nikilisahihisha, wiki inayofuata limerudi. Kosa linalorudi namna hiyo haliwezi kuwa la uvivu. Lina mzizi mahali fulani, na mimi nimekuwa nikikata majani tu.

Vitabu tulivyo navyo vinayagawa masharti kwa namba: aina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanafunzi wangu wanazikariri namba hizo vizuri. Muulize yeyote aina ya pili inaundwaje, atakutajia fomula yote. Kisha mwambie akueleze angefanya nini akiokota laki tano pale Makoroboi, utasikia "if I would" ileile.

11 Januari

Wiki nzima nimekaa na madaftari yao. Nimenakili kila sentensi yenye "if" niliyoiona, nzima na mbovu, nikapata 63. Nilizitandaza mezani kwenye vipande vya karatasi kama mtu anayeanika dagaa, nikaanza kuzitenga.

Fungu kubwa kuliko yote ni la "would" pande zote mbili. "If she would come, I would be happy." "If I would know, I would tell you." Fungu la pili ni la "will" baada ya "if": "If it will rain, we will not work." Zilizobaki ni mchanganyiko.

Nililitazama lile fungu kubwa kwa muda mrefu, nikaanza kuzisoma sentensi zile kwa Kiswahili. Angekuja, ningefurahi. Ningejua, ningekuambia. Zikakaa sawasawa, neno kwa neno. Hakuna mwanafunzi aliyekosea kufikiri. Kiswahili kinaweka -nge- kwenye sharti na kinaweka -nge- kwenye tokeo, nao wamefuata. Wameambiwa "would" ndiyo -nge- ya Waingereza, wakaiweka mahali pote -nge- inapokaa.

Halafu kuna jambo la pili ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka leo. Shuleni tulifundishwa tena kwa mkazo: -nge- iandamane na -nge-, -ngali- iandamane na -ngali-, usichanganye. Nakumbuka maswali ya kusahihisha sentensi, "Angalijua angekuja", na alama zikipotea kwa aliyeziacha hivyohivyo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyelelewa vizuri katika sarufi ya Kiswahili anaingia kwenye Kiingereza akiwa ameshaaminishwa kwamba pande mbili za sharti lazima zivae nguo moja. Kiingereza kinamtaka aseme "If I knew, I would tell you": "knew" huku, "would" kule. Machoni pake huo ni uchafu. Anausafisha.

Nimeandika juu ya ukurasa wa kwanza wa rasimu: Kiswahili hakichanganyi, Kiingereza kinachanganya. Hilo ndilo nitakalojengea kijitabu.

18 Januari

Giza limeingia, wavuvi hawapo. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, hivyo usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi. Leo tulikuwa saba. Nimetumia utulivu huo kuandika sehemu ya -ki-, ambayo nilidhani itakuwa nyepesi.

Fungu la pili la makosa, "if it will rain", lilinitatiza kidogo. Kiswahili chenye -ki- hakina alama ya kesho ndani yake. Tunasema "mvua ikinyesha, hatutaanika". Hakuna anayesema "itakinyesha". Kesho inabebwa na upande wa tokeo peke yake, na Kiingereza kinafanya vilevile: "If it rains, we will not dry the fish." Hapa lugha mbili zimekubaliana kabisa. Sasa "will" ya ziada imetoka wapi?

Jibu nililipata kwa kumsikiliza mama mmoja akiongea na simu mlangoni: "Kama mvua itanyesha, usiwatoe nje." Ndiyo hiyo. Tuna njia mbili za kusema jambo hilohilo, -ki- na "kama ita-", na kinywani mwa watu wengi hii ya pili ndiyo inayotangulia. Mwanafunzi anapotafsiri kichwani, anaibeba hiyo yenye "ita-", na "will" inaingia.

Kwa hiyo nimeandika kanuni ambayo naiamini kuliko kitu chochote nilichoandika mpaka sasa: kabla hujavuka kwenda kwenye Kiingereza, igeuze "kama ita-" iwe "iki-". Kama atakuja, iwe akija. Kama tutachelewa, iwe tukichelewa. Ukishafika kwenye -ki-, "will" haina pa kushika. Dada wa mapokezi alijaribu sentensi kumi, akapata zote.

-ki- ina shida yake nyingine, nayo nimeipa nusu ukurasa. Kwetu "jua likizama, wavuvi wataingia ziwani" na "mvua ikinyesha, hawataingia" zina kiambishi kimoja. Kiingereza kinakulazimisha kuamua. Jua litazama tu, halina mjadala, kwa hiyo "when the sun sets". Mvua haijulikani, kwa hiyo "if it rains". Mtu anayekuandikia "if the sun sets" amemtia msomaji wake hofu bila kukusudia.

Kwa -sipo- nimetumia "usipoziba ufa, utajenga ukuta", kwa sababu kila mtu anaijua na kwa sababu inaonyesha vizuri kazi ya "unless". "Unless you fill the crack, you will build a wall." Ile -si- imeshaingia ndani ya "unless". Ukiongeza "don't", umekana mara mbili.

1 Februari

Mbalamwezi. Jana jioni darasa lilijaa, wote kumi na wanne, na niliwagawia rasimu ya kwanza, kurasa saba za kopi.

Imekwama ukurasa wa tatu.

Nilikuwa nimeeleza kwa upole kwamba upande wa sharti unachukua wakati uliopita: "If I had a boat, I would fish every night." Yule kijana mvuvi aliisoma mara mbili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu alikuwa na mtumbwi akauuza?" Nikasema hapana, hajawahi kuwa nao. "Sasa kwa nini 'had'?" Fundi injini akamuunga mkono: kama ni leo, ingekuwa "have". Nikajibu kwamba ndiyo kanuni yao. Nilipolitamka neno hilo nilijua nimeshindwa. Ukimwambia mtu mzima kwamba ni kanuni tu, umemwambia akariri, na kukariri ndiko kulikotufikisha hapa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipita Mwaloni kununua dagaa, na mbele yangu alikuwapo mteja, mwanamume wa makamo, anamwambia muuzaji: "Mama, nilikuwa naulizia, sado bei gani?"

Nilikuwa naulizia. Mtu amesimama pale pale, anauliza sasa hivi, na anatumia wakati uliopita! Hakuna aliyemuuliza "uliacha lini kuulizia?" Sote tunaelewa kwamba "nilikuwa" hapo haihusu jana. Mtu amepiga hatua moja nyuma ili asimkabili mwenzake moja kwa moja. Ni umbali wa adabu. Ofisini tunasema "nilikuwa na shida ndogo" huku shida tunayo mkononi. Tunasema "nilikuwa naomba" huku tukiomba.

Basi Kiingereza nacho kinautumia wakati uliopita kwa hatua ya namna hiyo. Katika "if I had a boat", "had" haihusu jana. Msemaji amerudi hatua moja kutoka kwenye hali halisi ili aitazame hali nyingine ambayo haipo. Kiswahili kina kiambishi maalumu cha umbali huo, -nge-. Kiingereza hakina. Kimeazima nguo ya wakati uliopita.

Kuna hata ushahidi ndani ya Kiingereza chenyewe. Jana tunasema "I was", lakini tukitunga hali isiyokuwepo tunasema "If I were you". Hiyo "were" ni mabaki ya umbo la zamani ambalo kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kusema yasiyo halisi. Siku hizi wengi wanasema "if I was" katika mazungumzo, na hakuna atakayewafukuza, ila katika "if I were you" na katika maandishi rasmi ile ya zamani bado inashikilia.

Nimefuta ukurasa wa tatu wote. Mpya unaanza na mteja wa dagaa.

8 Februari

Nimefundisha ukurasa mpya jioni hii. Niliandika ubaoni "Nilikuwa naulizia" nikanyamaza. Mama mmoja akacheka, akasema kwamba yeye husema hivyo hata akidai deni lake mwenyewe. Kuanzia hapo somo lilijiendesha. Yule kijana mvuvi hakuuliza tena habari za mtumbwi uliouzwa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata fundo lilipofungiwa.

Lakini leo nimerekebishwa, na rekebisho hilo ni kubwa. Niliwaonyesha kwa fahari ile sentensi yangu ya msingi, kwamba Kiswahili hakichanganyi na Kiingereza kinachanganya. Mmoja wa wale vijana wanaorudia mtihani, asiyesema mara nyingi, akasema: "Mwalimu, mbona na chenyewe hakichanganyi? Kinarudi pamoja." Nikamwomba aje ubaoni. Akaandika hivi, mstari juu ya mstari:

If he comes, I will go.
If he came, I would go.
If he had come, I would have gone.

Akachora mshale kushuka upande wa kushoto, "comes, came, had come", na mwingine upande wa kulia, "will go, would go, would have gone". "Huku hatua moja, huku hatua moja. Huku mbili, huku mbili."

Ni kweli. "Would" yenyewe ni "will" iliyorudi hatua moja nyuma. Pande zote mbili zinatembea kwa mwendo mmoja. Tofauti ni kwamba kila upande una viatu vyake. Ile sheria ya shule, usichanganye, ambayo mimi nilikuwa naiona ndiyo adui, inafanya kazi hata huku ukiitafsiri vizuri: usichanganye idadi ya hatua. "If he came, I will go" ni kosa kwa sababu ileile ambayo "Angalijua angekuja" iliwapotezea watu alama.

Nimerudi nyumbani nikafuta sentensi ya ukurasa wa kwanza. Mahali pake nimeweka mishale miwili ya yule kijana, na nimemwomba aichore mwenyewe kwa kalamu nyeusi ili itoke vizuri kwenye kopi.

Kwa hiyo maswali ya mwanafunzi sasa ni mawili, na hakuna namba ya aina yoyote. Je, jambo bado lina uwezekano wa kawaida? Usirudi. Je, unalitunga tu, au uwezekano wake ni mdogo sana? Rudi hatua moja. Je, lilikwisha kupita na halikutokea? Rudi mbili. Nimeandika mawili kisha nikataja matatu. Naliacha hivyo kwa sababu swali la kwanza na la pili kwa kweli ni swali moja lenye majibu mawili, na mwenye kuamua ni msemaji. "If I win" na "if I won" zinaweza kuhusu mashindano yaleyale ya kesho. Wa kwanza anajiona ana nafasi, wa pili hajioni.

15 Februari

Giza tena, na mambo machache. Koma: sharti likitangulia, weka koma, tokeo likitangulia, usiweke. Nimemaliza.

Cha maana leo kimetoka kwa dada wa mapokezi. Alisema wageni wenyewe wa Kiingereza wanasema "would" mara mbili, amewasikia kwa masikio yake. Nikamwomba arudie alichosikia. "If I'd known, I'd have called."

Hapo kuna mtego mzuri ajabu. Kwenye matamshi "had" na "would" zote zinakatwa zikabaki "d" moja. Sikio linasikia "I'd" mbili, na kwa kuwa sikio letu limezoea -nge- mbili, linaridhika: ndiyo zenyewe. Kumbe ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Namna ya kuzitenganisha ni kutazama neno linalofuata. "I'd known", "I'd gone", "I'd seen": umbo la tatu la kitenzi, kwa hiyo "had". "I'd know", "I'd go", au "I'd have": umbo la kawaida, kwa hiyo "would". Tumefanya zoezi la kusikiliza kwa nusu saa, mimi nasoma, wao wananyoosha kidole kimoja kwa "had" na viwili kwa "would".

Sikumficha pia kwamba wako wenye lugha wanaosema kweli "if I would have known", hasa Marekani. Utaisikia kwenye mazungumzo. Kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi itahesabiwa kosa, na wanafunzi wangu wanajifunza kwa ajili ya mtihani na barua ya kazi.

22 Februari

Ramadhani imeanza, tumesogeza darasa mpaka baada ya futari. Watu wanafika wametulia, na kazi inakwenda.

Leo tulikuwa kwenye hatua mbili nyuma. Hapa Kiswahili cha kila siku hakitusaidii sana. Kanuni inasema -ngali- ni ya yaliyopita, lakini mitaani karibu kila mtu anatumia -nge- kwa leo na kwa jana. "Ungeniambia ningekuja" inaweza kuwa ya kesho, inaweza kuwa ya mwaka juzi. Anayesikiliza anajua kwa muktadha. Kwa hiyo niliwaomba kila mmoja aandike kwanza kwa -ngali-, hata kama inamsikikia kama kitabu, halafu ndipo avuke. "Ningalijua, ningalikuja" inavuka vizuri: "If I had known, I would have come."

Wakati wanaandika nilipita kati ya viti. Mama mmoja, mkubwa kuliko sote mle ndani, alikuwa ameandika sentensi moja tu: "If my brother waited another ship, he will be alive."

Nilikaa karibu naye. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni MV Bukoba. Hapa Mwanza mtu hahitaji kuongeza neno. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika, na wengi waliopotea walizikwa Igoma.

Nilimuuliza kama anataka niisahihishe. Akasema, "Ndiyo, mwalimu, ndiyo maana nimeiandika." Tukaifanya pamoja, polepole. Kusubiri: kumepita, hakukutokea. Hatua mbili. "If my brother had waited." Sasa upande wa pili. Kidole chake kilifuata mshale mpaka "would have been alive", kikasimama. Akaniambia hapana, si kwamba angekuwa hai siku ile tu. Angekuwa hai leo. Angekuwa babu.

Alikuwa ameona mwenyewe jambo ambalo mimi nilipanga kuliweka mwisho kabisa wa kijitabu, au niliache. Sharti liko miaka thelathini nyuma, tokeo liko hapa, usiku huu. Basi kila upande uchukue hatua za wakati wake: mbili kwa kilichopita, moja kwa cha leo. "If my brother had waited for another ship, he would be alive today." Aliiandika upya kwa mwandiko mzuri, akaongeza tarehe chini yake.

Mwisho wa darasa nilimuuliza kama ningeweza kuitumia kijitabuni bila kumtaja. Alifunga daftari. "Hiyo iache humu, mwanangu."

Haitaingia.

1 Machi

Nahitaji mifano mingine ya pande zenye nyakati mbili. Niliwapa kazi ya nyumbani: tafuta kitu kilichotokea zamani ambacho matokeo yake unayaona leo kwa macho yako.

Dereva wa bodaboda alileta daraja. Kabla ya Juni 2025 kuvuka kutoka Kigongo kwenda Busisi ilikuwa ni kungoja kivuko, na akikosa kimoja asubuhi imeharibika. Sasa kuna daraja la kilomita tatu na anavuka kwa dakika chache. Sentensi yake: "If they had not built the bridge, I would still be waiting for the ferry." Haina kosa hata moja. Nilimwomba anieleze kwa nini hakuandika "would have waited". Alisema, "Kwa sababu ningekuwa nangoja saa hizi, mwalimu. Ningekuwa huko, si hapa darasani."

Kaka wa Saanane akaleta sangara. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na miongo iliyofuata aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilipotea, huku viwanda vya minofu vikija kuota hapa Mwanza. "If nobody had brought the Nile perch, Mwanza would be a different town." Wavuvi walibishana kwa dakika ishirini kama mji huo ungekuwa bora au mbaya zaidi, kwanza kwa Kiswahili, halafu, bila mtu kuwaambia, kwa Kiingereza. "We would have more furu!" "But we would not have factories!" Sikusahihisha kitu. Hakukuwa na cha kusahihisha, ila "informations" moja.

Mifano yote miwili imeingia ukurasa wa kumi na mbili.

8 Machi

Rasimu ya tatu imetoka kopi leo, nakala ishirini, kurasa kumi na nne. Michoro ya mishale imetoka vizuri. Ukurasa wa tisa umefifia chini, nitauandika upya kwa kalamu nzito.

Nimewapa jaribio bila kuwaambia ni jaribio. Nilipita kwa kila mmoja nikamuuliza kwa Kiingereza swali moja la papo hapo, lisilo na mfano wowote kwenye kijitabu. Kumi walijibu sawasawa. Wawili walisema "if I would" wakajisahihisha wenyewe kabla sijafungua mdomo, na hilo kwangu ni zuri kama kupata. Wawili bado. Mmoja wa hao wawili ni mpwa wa fundi injini, aliyekosa vipindi vingi vya Februari, na nitakaa naye peke yake.

Yaliyobaki ni haya. Dada wa mapokezi ameniletea "if you would follow me, please", ambayo yeye huisema kila siku kwa wageni, na sasa ana wasiwasi kwamba ni kosa. Si kosa. "Would" hapo inabeba utayari wa mtu, kama tunavyosema "kama ungependa kunifuata". Nimeifanyia kisanduku kidogo. Kijana mwingine ameandika "I don't know if he comes", kwa kuwa nimewaogopesha wote na "will". Lazima nieleze kwamba "if" hiyo si ya sharti. Ni "kama" ya kuuliza, sijui kama atakuja, na hapo "if he will come" ndiyo sahihi. Kwa bahati Kiswahili kinalipima jambo hilo chenyewe: "kama atakuja" hiyo haikubali kugeuzwa kuwa "akija". Ukijaribu, "sijui akija", maana inavunjika. Kisichogeuka kuwa -ki- kinaruhusiwa kubaki na "will".

Halafu kuna "laiti". Yule kijana mvuvi ameandika "I wish I have an engine." Mtumbwi ameshaanza kuuchangia na mwenzake, sasa anawaza injini. "Laiti ningekuwa na" ina -nge- ndani yake, kwa hiyo hatua ni moja na "have" inarudi kuwa "had"; na "laiti ningalijua" inarudi mbili, "I wish I had known". Nadhani inatosha ukurasa mmoja, labda na nusu. Mwezi sasa unapungua na wavuvi wameanza kurudi ziwani usiku, kwa hiyo ninazo kama wiki tatu za kuuandika kabla hawajakuja wote tena.